Mwalimu Tarajali Shuleni: Namna ya Kuongoza na Kushirikiana Kabla Hujapewa Cheo

Mwanachuo wa ualimu anapokabidhiwa barua ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yale ambayo vyuoni tumezoea kuyaita BTP, wasiwasi wake wote huwa juu ya darasa: atasimamaje mbele ya watoto sabini, atamaliza mada kabla ya kengele, andalio lake la somo litapita. Ni wasiwasi wa haki. Hata hivyo, kwa miaka niliyofundisha shule ya msingi na kupokea walimu tarajali karibu kila mwaka, wengi niliowaona wakikwama hawakukwamia ubaoni. Walikwamia ofisi ya walimu, au katika wiki ya zamu, au kwa mwalimu mwenyeji aliyehisi kwamba ameporwa darasa lake, au kwa kiranja waliyempa madaraka ambayo hata wao wenyewe hawakuwa nayo.

Mwongozo huu unahusu upande huo wa kazi. Umeandikwa kwa kufuata maisha ya shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara. Anayekwenda sekondari atabadilisha majina machache tu, mwalimu mkuu awe mkuu wa shule na kamati ya shule iwe bodi, na mengine yatabaki yaleyale. Neno uongozi nalitumia kwa maana finyu makusudi: kuchukua kazi ambayo wengine wameiona ndogo, kuimaliza kwa wakati, na kuacha kumbukumbu ambayo mwenzako ataweza kuitumia siku ambayo wewe haupo. Mwalimu tarajali hana cheo wala hana sauti katika kikao cha walimu, kwa hiyo hana namna nyingine ya kuongoza isipokuwa hiyo.

Hatua ya kwanza: Jipangeni mkiwa bado chuoni

Orodha ya vituo ikishabandikwa, watafute wenzako mliopangwa shule moja hata kama hamkuwahi kuzungumza. Chagueni mmoja atakayekuwa msemaji wenu kwa mwalimu mkuu, ili ofisi yake isipokee watu wanane wenye shida moja kwa nyakati nane tofauti. Kubalianeni mapema kuhusu malazi, chakula na nani anabeba vitabu gani vya kiada, kwa maana ugomvi wa walimu tarajali wengi huanzia kwenye gunia la mkaa na kuishia mbele ya wanafunzi.

Vile vipindi vya kufundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni, ambavyo wengi huvichukulia kama mchezo wa kuigiza, vitumieni kujifunza jambo moja ambalo halimo kwenye muhtasari: kusikiliza makosa yako yakitajwa bila kujitetea. Mwenzako akisema ulizungumza ukiwa umeupa mgongo darasa, andika. Usimweleze kwa nini ulifanya hivyo.

Hatua ya pili: Siku ya kuripoti, jifunze viti kabla ya madarasa

Ripoti kwa mwalimu mkuu ukiwa na barua yako, na kama mko wengi nendeni pamoja. Msaidizi wake, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa nidhamu ni watu utakaowahitaji kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo ulizia majina na majukumu yao siku hiyohiyo. Muulize pia nani anatunza chaki, nani anatunza vitabu na nani ana funguo za stoo, kwa kuwa katika shule nyingi watu hao watatu ndio wanaoamua kipindi chako kitaanza saa ngapi.

Kisha ingia ofisi ya walimu, piga hodi, wasalimie wakubwa shikamoo na uulize ukae wapi. Kiti kilicho tupu saa moja asubuhi hakikosi mwenyewe. Yupo njiani na baiskeli. Niliwahi kumwona kijana mwenye bidii nyingi akianza siku yake ya kwanza kwa kutandaza madaftari yake kwenye meza ya mwalimu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Mzee alipofika hakusema neno, alisimama tu dirishani akisahihisha kazi zake juu ya kizingiti mpaka saa nne. Ofisi nzima ililiona jambo lile isipokuwa yule kijana.

Kosa la upande wa pili nalo ni kubwa vilevile. Walimu tarajali wakiwa wengi hujitenga, wakapata mwembe wao na benchi lao, wakawa wanacheka huko wenyewe mpaka muda wa kuondoka. Mwembe una kivuli kizuri, sikatai, lakini habari zote za shule hupita ofisini: ratiba imebadilika, Darasa la Nne wanapimwa afya, mtoto fulani amefiwa na mama. Anayekaa nje huingia kipindi bila habari hizo, na baadaye analalamika kwamba hakushirikishwa.

Hatua ya tatu: Ingia katika darasa la mwalimu mwenyeji kama mgeni

Kujifunza ualimu ukiwa chini ya mwalimu mzoefu si jambo la leo. Katika miaka ya 1970, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote (kwa Kiingereza, UPE) na walimu hawatoshi, vijana wengi waliomaliza Darasa la Saba waliandaliwa kuwa walimu hukohuko shuleni, wakifundisha sehemu ya siku na kufundishwa sehemu nyingine. Watu wa utani waliifasiri UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na utani huo uliwaumiza wengi wao mpaka walipostaafu. Hata hivyo miongoni mwao walitoka walimu waliojua kushika darasa kuliko wengi wetu tuliotoka na vyeti vizuri, kwa sababu walikuwa wameishi kando ya mtu anayeijua kazi. Chukua wiki yako ya kwanza kwa roho hiyo: kaa nyuma ya darasa na daftari, utazame.

Kabla hujashika chaki, kaa na mwalimu mwenyeji mkubaliane mambo matatu. La kwanza ni mahali azimio la kazi, ule mpango wa mada za kufundisha, lilipofikia, yaani mada iliyofundishwa kweli, ambayo mara nyingine iko nyuma ya ile iliyoandikwa. Mwambie kwa upole kwamba unauliza ili usiwarushe watoto. La pili ni nani anasahihisha madaftari na kwa mtindo gani, kwa maana watoto waliozoea kuona alama na neno la kutia moyo watashangaa wakikuta vema tupu. La tatu, na hili ndilo husahaulika, ni nani anashughulikia utovu wa nidhamu kipindi kikiwa chako. Jibu la busara ni kwamba wewe unatuliza, unaandika, na kesi unaipeleka kwake.

Sasa kuhusu kusahihishana. Nilipokuwa mwalimu tarajali nilikaa nyuma ya darasa wakati mwenyeji wangu akifundisha ngeli. Aliandika ubaoni orodha ya nomino za ngeli ya U-ZI: ukuta, ufunguo, ufagio, ugonjwa. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi na kusema kwa sauti ya kusikika: "Samahani mwalimu, ugonjwa ni U-YA, tunasema magonjwa yameenea." Darasa likaangua kicheko. Yeye akafuta neno lile kwa kiganja, akasema ahsante, akaendelea. Kwa wiki mbili zilizofuata sikupata kwake kitu zaidi ya salamu, na daftari langu la maandalio lilikuwa likirudi na saini bila maoni hata mstari mmoja.

Nilikuwa sahihi kwa sarufi, na nilikuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu. Njia iliyokuwepo ilikuwa nyepesi: kuandika kikaratasi, au kungoja kengele na kumuuliza tukiwa wawili, "Mwalimu, wingi wa ugonjwa si magonjwa? Naona kama umeingia kwenye U-ZI." Angelirekebisha mwenyewe mwanzoni mwa kipindi kilichofuata, watoto wangepata lililo sahihi, na mimi ningebaki na mlezi. Hili lina mpaka wake, nao ni usalama wa mtoto: ukiona anaumizwa au kudhalilishwa, usingoje kengele, nenda kwa mwalimu mkuu.

Hatua ya nne: Andaeni somo pamoja, na muandike ukweli wa kilichotokea

Ushirikiano wa walimu hauthibitishwi na chai ya saa nne. Unathibitishwa na andalio la somo ambalo watu wawili wameligusa. Mpelekee mwenyeji wako andalio siku moja kabla, si dakika tano kabla ya kipindi, na umuulize swali mahususi. "Mwalimu, naomba maoni" haimsaidii kukusaidia. Mwambie hivi: "Nimeweka kazi ya vikundi dakika kumi na tano, watoto hawa wanaiweza au wataishia kunakili kwa mmoja?" Yeye anawajua; wewe bado.

Sehemu ya mwisho ya andalio, ile ya tathmini na maoni, ndiyo ninayoifungua kwanza ninapotaka kumjua mwalimu tarajali. Wengi huandika kila siku kwamba somo limeeleweka vizuri na wanafunzi wengi wameshiriki. Ukisoma maandalio thelathini ya namna hiyo hujui lolote. Mmoja aliwahi kuandika hivi: "Waliokaa safu ya nyuma hawakuona ubao baada ya saa tano kwa sababu ya mwanga wa dirishani, kesho nitahamisha ubao wa kuegemeza." Mistari miwili hiyo ilisomwa na mwenyeji wake, kisha na mwalimu wa taaluma, na ndani ya wiki moja madarasa mawili yalikuwa yamegeuza mpangilio wa madawati. Hakuna aliyemwita kiongozi, lakini shule ilikuwa imemfuata.

Shule nyingi sasa zina jumuiya za ujifunzaji chini ya mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, ambapo walimu hukutana hapohapo shuleni kujadili tatizo la ufundishaji. Omba ruhusa ya kuhudhuria. Ukipewa nafasi ya kuzungumza, usiende na mhadhara wa chuoni kuhusu nadharia za ujifunzaji. Walimu waliosimama tangu asubuhi watakutazama tu. Nenda na tatizo dogo ambalo linaweza kujaribiwa wiki hiyohiyo, kwa mfano kwamba watoto kumi na wawili wa Darasa la Tatu wanasoma "ng'ombe" na "ngoma" kwa sauti moja, ukaulize wenzako wanafanyaje. Kikao kikikubaliana mbinu moja, mmoja aifundishe na wengine wakae nyuma wakitazama.

Kuna kanuni moja ya kutazamana ambayo ningependa uishike: anayetazama awaandike wanafunzi, asimwandike mwalimu. Nani alinyamaza kipindi kizima, nani alijibu akiwa amekosea lakini kwa sababu yenye akili, kikundi gani kiliacha kazi na kuanza kuchora. Mkikaa kujadili, mazungumzo yatakuwa juu ya watoto na hakuna mwalimu atakayejiona yuko kizimbani. Walimu wa Japani wamekuwa wakichunguza masomo yao pamoja kwa zaidi ya miaka 100, na wengi waliojifunza mtindo huo kwao hulisisitiza jambo hilohilo.

Hatua ya tano: Wiki ya zamu

Kama una nguvu za kuweka akiba kwa ajili ya jambo moja tu katika mazoezi yako, ziweke hapa. Darasani unaongoza watoto wa darasa moja. Ukiwa zamu, shule nzima iko mikononi mwako na mwa mwalimu uliyepangwa naye, na kila mtu, kuanzia mpishi hadi mwalimu mkuu, anakuona.

Anza kabla ya wiki yenyewe. Ijumaa inayotangulia, mfuate mwalimu anayemaliza zamu umwombe kitabu cha zamu usome kurasa mbili tatu za nyuma: bomba lililoharibika, darasa lenye utoro, mgeni anayetarajiwa. Kaa na mwenzako mgawane kazi kwa majina na kwa saa, si kwa kusema "tutasaidiana". Nani atakuwa getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nani atapita madarasani baada ya mstarini, nani atasimamia uji, nani atabaki mpaka mtoto wa mwisho aondoke. Mkisema mtasaidiana, siku ya tatu mtakuwa wote wawili getini na jikoni hakuna mtu.

Asubuhi, kengele ipigwe kwa saa, hata kama kengele yenyewe ni ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo. Nasisitiza hili kwa sababu kila kitu kingine kinaning'inia hapo: kengele ya usafi ikichelewa dakika kumi, mstarini huchelewa, kipindi cha kwanza kinaliwa, na mwalimu wa kipindi hicho atakukumbuka kwa ubaya hata kama hakusema. Usafi wa maeneo ukianza, usisimame mahali pamoja ukielekeza kwa kidole. Pita kila eneo, shika ufagio wa chelewa mahali fulani kwa dakika mbili, watoto wakuone. Mwalimu anayeogopa kuchafua viatu hana haki ya kukagua viatu vya wengine.

Mahudhurio uyapate mapema, kabla unga haujapimwa. Katika shule inayopika uji, stoo hutoa unga kwa idadi ya waliopo, na idadi ikikosewa ama chakula kinapungua kwa watoto wa mwisho kwenye foleni, ama kinabaki na maswali yanaanza. Pitia madarasa na viongozi wa darasa wakupe hesabu ya wavulana na wasichana, uijumlishe mwenyewe, umpe mtunza stoo kwa maandishi. Wakati wa kugawa, tanguliza Darasa la Awali na la Kwanza. Darasa la Saba watanung'unika; waache wanung'unike.

Linalobaki ni kitabu cha zamu, na hapo ndipo walimu tarajali wengi hupata maadui au hupoteza heshima. Kuna wanaoandika kila siku kwamba hali ya shule ilikuwa shwari, hata siku ambayo paa la darasa limevuja. Kuna wengine wanaoandika kama mashushushu: mwalimu fulani alichelewa, mwalimu fulani alitoroka kipindi. Wote wawili hawajamsaidia mwalimu mkuu. Andika kilichotokea kwa wanafunzi, saa yake, na hatua uliyochukua, kama hivi:

"Jumanne. Waliohudhuria: wavulana 203, wasichana 218. Darasa la Sita B halikuwa na mwalimu kipindi cha tatu; niliwapa kazi ya kusoma kimya na kiongozi wa darasa alisimamia. Mlango wa tundu moja la choo cha wasichana umeng'oka bawaba. Mwalimu wa afya ameelezwa. Uji ulichelewa dakika 25 kwa sababu kuni zilikuwa mbichi."

Mwalimu mkuu akisoma hapo anajua nani alipaswa kuwa Sita B kipindi cha tatu, kwa maana ratiba iko ukutani kwake. Huna haja ya kulitaja jina. Bora zaidi, kabla hujaandika, mfuate mwalimu mwenyewe umwambie: "Mwalimu, nilipita Sita B nikakuta hawana mtu, nikawapa kazi. Naomba nijue kama ulikuwa na dharura." Mara nyingi alikuwa nayo, ameitwa na mwalimu mkuu huyohuyo, au mtoto wake ameungua uji wa moto nyumbani. Utaandika "mwalimu alikuwa na dharura" na utakuwa umesema kweli yote. Ukimkosa, andika kama nilivyoonyesha juu. Na siku ya kusoma ripoti mstarini, mambo ya walimu hayasomwi mbele ya wanafunzi. Yanabaki kitabuni.

Hatua ya sita: Viranja si askari wako

Mwalimu mgeni hupenda kujipunguzia mzigo kwa kumpa kiranja karatasi aandike "waliopiga kelele". Sote tuliosoma shule zetu tunaijua karatasi ile. Huandikwa aliyekataa kumwazima kiranja rula, hufutwa aliyetoa ubuyu wa shilingi mia, na mtoto mkimya kuliko wote hujikuta namba moja kwa sababu jirani yake ana jina linalofanana na lake. Mwishoni darasa linakuwa limefunzwa rushwa, nawe ndiye mwalimu wa somo hilo.

Wape viongozi wa darasa kazi zenye mwanzo na mwisho, ambazo zinaonekana zikifanyika: kugawa na kuhesabu vitabu, kupeleka daftari la vipindi kwa walimu wasaini, kuhakikisha ubao umefutwa, kukuletea jina la mtoto ambaye hajaonekana siku tatu. Zungusha nafasi ndogondogo, viongozi wa vikundi hasa, ili mtoto anayekaa nyuma naye aonje kusimama mbele. Wasichana wapewe kuongoza kazi zenye maamuzi pia, maana kufagia ofisi ya walimu wameshapewa kupita kiasi.

Fimbo usiishike, na usimpe kiranja. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, zimeweka kikomo cha viboko vinne, na zinataka kila adhabu iandikwe kwenye daftari lake. Mwalimu tarajali hana uteuzi huo hata wenyeji wake wakimtania kwamba "watoto hawa bila bakora hawaendi". Mwaka 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari huko Mbeya ilienea nchi nzima kwa siku moja, na serikali ikatangaza kuwafukuza chuo. Walikwenda kujifunza kazi, wakarudi bila kazi na bila chuo.

Badala ya fimbo kuna kazi ndefu zaidi: sheria chache za darasa mlizotunga pamoja na watoto, kuita jina, kukaa na msumbufu baada ya kipindi na kumuuliza amekula nini tangu asubuhi. Mara nyingi jibu lake ndilo mwanzo wa kesi nzima, na mwalimu wa malezi na ushauri nasaha ndiye wa kumpelekea.

Hatua ya saba: Wazazi na fedha

Mzazi akija na malalamiko, msikilize akiwa amekaa, mwite Mama au Baba fulani kwa jina la mtoto wake, kisha umpeleke kwa mwalimu wa darasa. Usiahidi lolote kwa niaba ya shule. Fedha za wanafunzi usizishike kabisa, iwe ya mtihani, ya picha au ya ziara, hata kama umeombwa "ushike tu mpaka kesho". Michango ina utaratibu wake unaopita kwenye kamati ya shule, na wewe utakuwa umeondoka hesabu zitakapoulizwa. Picha za watoto nazo zisipande kwenye makundi ya WhatsApp wala kwenye ukurasa wako, hata kama zana ulizotengeneza zinapendeza namna gani.

Hatua ya nane: Msimamizi akija, na siku ya kuondoka

Msimamizi kutoka chuoni huja bila kubisha hodi, na tamaa ya kufundisha upya somo la jana ili lionekane safi ni kubwa. Usijaribu. Watoto hujibu swali kabla hujalimaliza kuuliza, na msimamizi aliyeona madarasa mengi hutabasamu tu na kuandika. Mwache aone darasa lako la kawaida, na kabla hajaanza kukuhoji mwonyeshe maoni ya mwenyeji wako kwenye maandalio, yakiwemo ya kukukosoa.

Wiki ya mwisho ni ya kukabidhi. Andika ukurasa mmoja unaomweleza mwalimu mwenyeji mada mlipofikia na mada ambayo watoto hawakuielewa hata baada ya kurudiwa, alama za mazoezi ulizoziweka, majina ya watoto watano au sita wanaohitaji kuangaliwa kwa karibu na sababu yake, na zana unazoziacha na mahali zilipo. Madaftari yasiyosahihishwa yasahihishe usiku wa Alhamisi, maana nimewahi kurithi mafungu manne ya Kiswahili yaliyofungwa kwa kamba ya katani na kikaratasi cha pole juu yake. Rudisha vitabu kwa aliyekuazima, si mezani kwake, mkononi mwake. Karatasi ya makabidhiano isomeni wawili, msaini wote, nakala moja ibaki kwa mwalimu wa taaluma, na ufunguo wa kabati uuambatanishe hapohapo.